Timu ya kikapu inapigwa kila wiki: uuze wachezaji ama usubiri?

Sawa, timu yenu imepigwa mechi 5 mfululizo pale uwanja wa Lugogo, Kampala, na jukwaani watu wanapiga kelele "toa huyo, leta mwingine", tulia kwanza. Chukua daftari uangalie mnapigwaje. Kama ni pointi 3 ama 4 dakika za mwisho, hapo shida mara nyingi ni mitupo huru na kupoteza mpira ovyo, hiyo dawa yake ni mazoezi, si kuuza mtu. Lakini kama mnafungwa kwa tofauti ya pointi 25 kila siku na hakuna mrefu wa kuokota ribaundi (mpira unaorudi baada ya kukosa kikapu), aah hapo tafuta mtu.

Halafu angalia umri. Kijana wa miaka 21 anayekosea leo usimuache, utalia akirudi kukufunga na jezi ya wengine. Detroit Pistons, timu ya NBA (ligi ya kikapu ya Marekani), msimu wa 2023-24 walipoteza mechi 28 mfululizo, wakamaliza na ushindi 14 tu, lakini nyota wao kijana Cade Cunningham hawakumuuza, walibadilisha kocha, wakaongeza wazoefu kama Tobias Harris, msimu uliofuata wakashinda 44. Yaani subira ndio, ila si ya kukaa tu kama unangoja boda kwenye mvua.

Na usimbadilishe mtu kwa sababu amegombana na kocha wiki moja (hiyo wanunulie rolex, chapati ya mayai, wakae chini waongee). Kwetu huku biashara ya kubadilishana wachezaji kama NBA ni ngumu, kwa hiyo anza na mikataba inayoisha.