Kabla Hujakaa na Mtoto Kusoma Pembe za Mistari Sambamba

Mzazi mwenzangu, usianze na majina. Nimekaa na watoto wengi jioni, daftari wazi mezani, na wengi waliokwama hapa walikuwa wamekwisha kukariri majina yote ya pembe. Walichokosa ni maandalizi.

Kwanza pima mambo mawili ya nyuma. Pembe zinazopakana juu ya mstari mmoja ulionyooka hufanya jumla ya nyuzi 180. Mistari miwili ikikatana, pembe zinazotazamana huwa sawa. Mpe pembe moja ya nyuzi 65 akutajie tatu zilizobaki: 115, 65, 115. Akisita, bakini hapo siku hiyo, hata kama darasani wameshasonga mbele. Mstari wa tatu ukikata miwili iliyo sambamba, zinazaliwa pembe nane, lakini ni picha ileile imejirudia mara mbili.

Vifaa havina gharama. Daftari la mistari tayari lina mistari sambamba; achague miwili iliyoachana vidole vitatu, kisha aikate kwa mstari wa mshazari. Kwenye kipimapembe kuna safu mbili za namba, na hapo ndipo 65 hugeuka 115. Kabla hajasoma namba, aseme kwanza kama pembe ni kali (chini ya nyuzi 90) au butu (zaidi ya 90).

Sasa kata kipande cha karatasi kinachoenea sawasawa kwenye pembe moja kali, chini ya mstari wa juu. Kiteleze kufuata ule mstari wa mshazari mpaka mstari wa pili: kinaenea tena. Hiyo ni pembe ya herufi F, kwa umbo ambalo mistari hiyo inachora. Kigeuze nusu mzunguko ndani ya mistari miwili, kitaenea kwenye pembe ya herufi Z. Kisha mwache akijaribu kwenye pembe mbili za ndani zilizo upande mmoja, zile za herufi U. Moja itakubali, nyingine itakataa. Msikimbie hapo. Mtoto aliyezoea kuona "sawa, sawa" huandika sawa na ya tatu, kumbe hizi hujumlishwa kupata 180.

Mpe hesabu hii: pembe mbili za U ni 3x + 10 na 2x + 20. Akizijumlisha atapata 5x + 30 = 180, x ni 30, na pembe ni 100 na 80. Akiziandika kuwa sawa atapata x ni 10 na pembe mbili za 40, ilhali jumla inayotakiwa ni 180. Afundishwe kurudisha jibu kwenye mchoro.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: kabla ya kuandika chochote, atafute vishale vidogo kwenye mistari, au maneno yanayosema ni sambamba. Macho hayatoshi, kwa sababu michoro ya mitihani mara nyingi haifuati vipimo. Chora makusudi mistari miwili inayoelekea kukutana, arudie zoezi la karatasi, aone kipande kikikataa.

Akiuliza haya yana kazi gani, msimulie habari za Eratosthenes, msomi wa Kigiriki aliyeishi Aleksandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo. Siku jua lilipokuwa utosini huko Siene, Aswan ya leo, kivuli cha kitu kilichosimama wima Aleksandria kilionesha pembe ya nyuzi 7.2 hivi. Alichukulia kwamba miale ya jua ni sambamba, kwa hiyo pembe hiyo ni sawa na ile iliyo katikati ya dunia: herufi Z tupu. Nyuzi 7.2 ni sehemu moja ya 50 ya duara, basi akauzidisha umbali kati ya miji hiyo miwili, stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha urefu cha Wagiriki wa kale), kwa 50, akapata mzingo wa dunia, stadia 250,000.

Majina yaje sasa. Huku Tanzania, sekondari nyingi zitampa mengine kwa Kiingereza, na mtoto aliyeteleza karatasi kwa mkono wake atakuwa anaongeza maneno tu.