Fimbo ya kuvulia samaki bahari kuu: ya dukani au ya kutengenezewa?

Wewe wa Malindi unayejiandaa kwa kaskazi, msimu wa sulisuli, kabla hujaagiza fimbo ya kutengenezewa, isome kwanza ile ya dukani. Juu ya mpini huandikwa nguvu ya mshipi inaoufaa, kwa ratili: 30 na 50 zinamtosha sulisuli na jodari wa kawaida, 80 na 130 ni za nduaro mkubwa. (Wengine hununua 130 kwa sifa tu, samaki mdogo hawezi hata kuipinda.)

Kisha kagua pete zinazopitisha mshipi, maana hapo ndipo fimbo nyingi za bei rahisi hufia. Pitisha pamba ndani ya kila pete. Ikinasa nyuzi, pete ina ufa na itakula mshipi. Zikiwa za rola (zenye kigurudumu ndani), zizungushe kwa kidole, chumvi huzigandisha. Kishikizo cha rili, yaani chombo cha kukunjia mshipi, kiwe cha alumini. Kitako kiwe na mkato wa msalaba, kisizunguke ndani ya mkanda wa kiunoni au kiti cha kupambania samaki.

Ya kutengenezewa inakuzidishia kitu kimoja kikubwa: kipimo. Fundi hukata mpini kulingana na mwili wako. Anayepambana na samaki kwa kusimama ataona tofauti mgongoni. Lakini ukivua kwa kukokota chambo, fimbo imechomekwa botini, mimi sioni haja. Pesa hiyo itie kwenye rili yenye breki laini (inayozuia mshipi samaki akivuta), na breki uifunge robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, kwa mizani ya kuning'iniza, si kwa kukisia na mkono.