Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwarushia Mpira Wapigaji Chipukizi wa Softiboli

Kocha au mzazi anayejitolea kuwarushia watoto mpira katika mazoezi ya kupiga ya softiboli, mchezo wa gongo na mpira unaofanana na besiboli, husimama mahali pa mrushaji, lakini kazi yake ni kinyume cha kazi ya mrushaji wa mechi. Yule wa mechi hutaka mpigaji akose. Huyu wa mazoezini hutaka mpira wake upigwe, upigwe vizuri, na upigwe mara nyingi kadiri muda unavyoruhusu. Maandalizi karibu yote yanatokana na tofauti hiyo, na sehemu kubwa yake hukamilika kabla mpira wa kwanza haujatoka mkononi.

La kwanza kukaguliwa ni wavu wa kinga unaosimama mbele ya mrushaji. Mpira unaorudi kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, kasi ambayo mpigaji wa miaka 12 mwenye nguvu anaweza kuifikia, huvuka mita 6 kwa muda wa takriban sekunde 0.27, na hakuna mtu aliyekwisha kuinama na kunyoosha mkono wa kurushia awezaye kuukwepa. Kwa hiyo nyuzi zitazamwe moja moja kama zimekatika, fremu itikiswe kuona kama imesimama imara, na wavu uvutwe kwa mkono: ukiwa umelegea, mpira utausukuma hadi usoni mwa anayesimama karibu nao, hata kama haukupenya. Pengo la kupitishia mkono nalo lina umuhimu wake. Wavu wa besiboli huwa na pengo upande wa juu, kwa sababu mrushaji wa besiboli huachia mpira juu ya bega. Katika softiboli mpira huachiwa karibu na nyonga, na mtu akilazimika kuinua mkono ili kupita juu ya ukingo wa wavu, watoto watazoea kuona mpira ukitokea mahali ambapo hautatokea siku ya mechi. Ni bora kusimama pembeni kidogo ili mkono upite kando ya wavu, kisha mwili wote urudi nyuma yake mara tu mpira unapoachiwa.

Ndoo ya mipira iwekwe upande wa mkono usiorusha, juu ya kiti au kreti, ili mrushaji aokote bila kuinama. Anayeinama kila mara huishia kutoa kichwa nje ya wavu bila kujua, tena wakati mpigaji amekwisha kujiweka tayari. Mipira yenyewe iwe ya ukubwa mmoja: kwa kawaida watoto wa miaka 10 na chini hutumia mpira wenye mzingo wa inchi 11, yaani sentimita 28 hivi, na waliowazidi umri hutumia wa inchi 12. Kuichanganya ndani ya ndoo moja kunamvuruga mpigaji na kumvuruga mrushaji pia, kwani vidole vinaushika kila mmoja kwa namna yake. Wadogo kabisa, ambao bado wanaogopa kugongwa, wapewe mipira laini.

Kila mpigaji avae helmeti yenye kinga ya uso, gongo lisiwe na ufa wala mshiko unaoteleza, na anayesubiri zamu akae mbali na asiwe ameshika gongo. Mambo haya yanajulikana na hayahitaji maelezo marefu, ila yaangaliwe kila siku.

Suala la umbali ndilo linalohitaji hesabu kidogo. Katika mashindano mengi ya vijana, watoto wa miaka 10 hurushiwa kutoka futi 35, sawa na mita 10.67, na wa miaka 12 kutoka futi 40, sawa na mita 12.19. Mrushaji wa mazoezi husogea karibu zaidi, mara nyingi hadi mita 6 au 7, kwa kuwa hapo ni rahisi kulenga. Lakini anachokihisi mpigaji ni muda alio nao wa kuamua, wala si kasi pekee. Mpira wa kilomita 60 kwa saa hutumia takriban sekunde 0.64 kuvuka mita 10.67; kutoka mita 6, muda huo huo hupatikana kwa kasi ya kilomita 34 hivi tu. Mtu mzima anayesogea karibu na kuendelea kurusha kwa nguvu anampa mtoto wa miaka 10 muda mfupi kuliko atakaoupata kwenye mechi, kisha hushangaa kwa nini mtoto anachelewa kila mara. Kosa la upande wa pili ni mpira wa kubembeleza unaopanda juu na kushuka mwinamo mkali, ambao humfundisha mpigaji kuzungusha gongo kutoka chini kwenda juu. Tao la mpira likiwa kubwa mno, dawa yake ni kurudi nyuma hatua mbili tatu na kuongeza kasi kidogo, ili muda ubaki ule ule na njia ya mpira inyooke.

Kabla ya kuanza, mrushaji apashe bega na kifundo cha mkono moto, kisha arushe mipira kadhaa bila mpigaji mpaka awe na uhakika wa kuipitisha juu ya bamba, yaani kibao kilicho chini mbele ya mpigaji, ambalo upana wake ni sentimita 43 tu, kati ya magoti na kwapa za watoto anaowarushia. Achague pia mwendo mmoja na aushikilie: aonyeshe mpira, arudishe mkono nyuma, kisha aupeleke mbele. Mpigaji huhamishia uzito mguu wa nyuma anapouona mkono ukirudi, na mkono usiporudi, mpira ukatupwa ghafla kutoka kiunoni, hana dalili ya kumwambia aanze lini. Kwa maoni yangu, ulengaji wenye kasoro ndogo husameheka kuliko mwendo unaobadilika-badilika. Mpira wa kupunguza kasi kwa hila usubiri mpaka mtoto aupige ule wa kawaida bila shida, na hata hapo aambiwe mapema kwamba utakuja.

Yakubaliwe mwishoni mambo mawili. Kila mtoto arushiwe mipira 8 hadi 10 kisha apumzike, kwa kuwa baada ya hapo mikono huchoka na mapigo huharibika. Na mipira iliyotapakaa isiokotwe mpaka mrushaji atamke neno moja linalojulikana na wote, gongo likiwa limewekwa chini. Awepo pia mrushaji wa akiba, kwa sababu bega lililochoka huanza kuachia mpira kwa kuchelewa, na mpira huo huja juu, usawa wa uso wa mpigaji.