Kabla ya kubadilishana nyumba kwa miezi kadhaa
Mnapokubaliana kubadilishana nyumba na familia iliyo katika mji wa nchi nyingine, msiishie kwenye picha za sebule. Mwombeni mwenyeji awarekodie video fupi inayoonyesha ilipo koki kuu ya maji, swichi kuu ya umeme, na ule ufunguo usiozunguka mpaka mlango uvutwe kidogo. Siku ya kuingia, pigeni picha mita zote, kwa kuwa bili za miezi mingi ndizo huzua ugomvi. Iarifuni kampuni ya bima ya nyumba yenu kwa maandishi. Mji ukiwa katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, mgeni wa muda mfupi huruhusiwa siku 90 tu ndani ya kipindi chochote cha siku 180, hata kama halipi pango.