Somo: Hedseti ya Bluetooth ikiharibu sauti ya simu kwenye laptopu

Wengi wetu tunaofanya kazi za mtandaoni hapa Nairobi, wanaopokea simu za wateja na wanaofundisha kwa Zoom, tunasikia lalamiko lile lile: "Sauti yako haieleweki." Mtu anaongeza bando, halafu anashuka Luthuli kununua hedseti nyingine, na lalamiko linabaki pale pale. Kabla hujatoa hata shilingi, tafadhali fuata somo hili kwa mpangilio.

Hatua ya kwanza: jirekodi bila intaneti

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Zima Wi-Fi, acha Bluetooth iwake. Fungua programu ya kurekodi sauti iliyokuja na Windows, vaa hedseti, uongee nusu dakika kama unavyoongea na mteja. Kisha izime hedseti na usikilize rekodi kupitia spika za laptopu. Ikiwa mbovu, bando halina hatia. Nenda hatua ya pili. Ikiwa safi, washa Wi-Fi, cheza video nyuma, urekodi tena. Ikianza kukatika sasa, Wi-Fi na Bluetooth zinagombana. Nenda hatua ya tatu. Ikibaki safi hata hapo, shida iko kwenye intaneti, na hedseti yako ni nzima.

Rekodi pia kwa maiki ya laptopu yenyewe ili ulinganishe.

Hatua ya pili: badilisha maiki

Hedseti ya kawaida ya Bluetooth ina hali mbili. Ukisikiliza muziki, sauti inakuja pande zote mbili ikiwa nzuri, lakini maiki imelala. Simu ikiingia, maiki inaamka na mfumo mzima unahamia hali ya simu, kwa sababu njia ni nyembamba na sasa inabeba sauti kwenda na kurudi. Hapo sauti inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, au 16,000 kama vifaa vyote viwili vinaweza, ilhali muziki wa CD ni mara 44,100. Kwa kipimo cha 8,000, kila sauti nyembamba iliyo juu ya hezi 4,000, yaani nusu ya kipimo hicho, inapotea, na huko ndiko s, f na sh hupata nguvu. Mteja anasikia "fuka" ukimwambia "suka". Hedseti ya bei ghali nayo inaweza kufanya hivyo.

Dawa: acha hedseti isikilize tu, na laptopu iongee. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, kwenye maiki uchague ile ya laptopu, kwenye spika uache hedseti. Halafu rudia uteuzi huo ndani ya Zoom, Meet au Teams, maana kila moja ina mipangilio yake na wengi hukwama hapo. Kwenye Windows 10 utaona hedseti moja imeandikwa mara mbili. Ya kusikilizia chagua yenye neno "Stereo", achana na yenye "Hands-Free".

Maiki ya laptopu hubeba kelele za feni na honi za matatu. Funga dirisha na usogee karibu.

Hatua ya tatu: punguza msongamano hewani

Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na Wi-Fi nyingi pia. Kwenye fleti za Roysambu au Pipeline, ukifungua orodha ya Wi-Fi unaona za majirani zimejaa skrini nzima. Ruta yako ikiwa na 5 GHz, hamishia laptopu huko. Diski ya nje ya USB 3 nayo hutoa kelele kwenye masafa hayo hayo, kwa hiyo kama unatumia dongo ya Bluetooth, yaani kile kidude kinachochomekwa kwenye USB, iweke diski mbali nacho. Na kama hedseti imeunganishwa na simu pamoja na laptopu, itoe kwenye simu.

Hatua ya nne: draiva

Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa. Laptopu nyingi za ex-UK, yaani za mitumba kutoka Uingereza, huuzwa zikiwa na Windows iliyowekwa upya na draiva za kubahatisha. Pakua ya Bluetooth na ya Wi-Fi kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu, kwa modeli yako kamili.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kazini kwetu wanakataza maiki ya laptopu kwa sababu ya kelele. Nifanyeje?*

Dada, tafuta hedseti ya waya ya USB, yenye maiki inayofika mdomoni. Ukilazimika kutumia isiyo na waya, chukua inayouzwa pamoja na dongo yake yenyewe. Laptopu huiona dongo hiyo kama kifaa cha sauti cha USB, na huna haja ya kutegemea Bluetooth ya ndani.

*Nikinunua ya Bluetooth 5.3, si shida itaisha?*

Namba peke yake haikuhakikishii, kaka. Kinachosaidia ni LE Audio, mfumo mpya wa sauti wa Bluetooth ambao hubeba sauti ya simu vizuri zaidi, na lazima uwepo pande zote mbili: kwenye hedseti na kwenye laptopu, ikiwa na Windows 11. Soma kasha na sifa za laptopu kabla ya kulipa.

*Ninatumia Mac. Haya yananihusu?*

Yanakuhusu. Kwenye mipangilio ya sauti chagua maiki ya Mac, uache hedseti kwenye kusikiliza.

*Nikienda jikoni sauti inakatika, na si mbali.*

Kuta zetu za mawe huyazuia sana mawimbi ya Bluetooth, na hata mwili wako huyanyonya. Ukiwa kwenye simu ya kazi, kaa chumba kimoja na laptopu.

*Nimenunua ya waya, ya pini ndogo, nasikia vizuri lakini mimi sisikiki.*

Angalia pini yenyewe, ndugu. Pete nyeusi zikiwa tatu, ina maiki. Zikiwa mbili, ni ya kusikiliza tu. Na kama laptopu yako ni ya zamani yenye matundu mawili, moja la spika na jingine la maiki, utahitaji kigawanyishi chenye pini mbili.