Jinsi ya kusoma nje na bado ukapata kazi ukirudi Bongo

Tuelewane kwanza, digrii ya nje siku hizi haimshtui mtu. Sasa hivi kila mtaa Dar una kijana aliyesoma India, China, Uturuki au Malaysia, na wengine bado wako home wanajitolea maofisini bila mshahara sawasawa na waliomaliza UDOM. Sisemi usiende, nenda tena ukifika usome haswa, ila kitakachokupa kazi mara nyingi ni vitu unavyofanya kabla hujapanda ndege na ukiwa hukohuko.

Anza na bodi ya fani yako kabla hata hujalipa ada ya kuombea chuo, hapa ndipo watu wanaumia sana. Unasoma udaktari? Baraza la Madaktari Tanganyika lina mtihani wake na intaniship ya mwaka mmoja hapa nyumbani ni lazima, hata kama kule China mwaka wa sita mzima uliumalizia wodini. Sheria ndo usiseme, ukitaka kuwa wakili Tanzania Bara lazima upite Law School pale Dar, LLB (digrii ya sheria) ya London haikuvushi, na ukienda kusoma sheria Uturuki ujue unasoma mfumo mwingine kabisa wakati huku tumerithi wa Mwingereza. Wahandisi waulizeni bodi yenu ya usajili, ERB, wahasibu ya kwenu, NBAA. Wa masoko na IT hamna bodi ya kuwabana hivyo, nyie songeni mbele.

Halafu TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Kabla hujaondoka unachukua ile barua yao ya kutokuwa na pingamizi, ukirudi unapeleka cheti kitambuliwe na kulinganishwa na vya hapa. Watu wanaona usumbufu mpaka siku wanafungua tangazo la Ajira Portal, mtandao wa ajira za serikali, na kukuta imeandikwa wazi kwamba waliosoma nje vyeti vyao viwe vimehakikiwa, na matokeo ya muda hayapokelewi. Sasa tangazo lina wiki mbili na wewe ndo kwanza unaanza kukusanya karatasi za kupeleka TCU. Ombi la TCU tuma ukishashika cheti tu, usisubiri tangazo. Na kwa wa China, mkimaliza mnapewa vyeti viwili, cha kuhitimu na cha digrii, ni karatasi mbili tofauti, usirudi na moja. Kama cheti kiko kwa Kichina, Kituruki au Kirusi, tafsiri yenye mhuri itafute hukohuko kabla viza haijaisha, kuifuatilia ukiwa Mbagala ni kazi.

Sasa ishu ambayo watu hawaisemi ni fildi, yaani mafunzo kwa vitendo ofisini. Aliyesoma Mzumbe au Ardhi likizo ndefu anakuwa ofisini kwa watu, anatumwa fotokopi, anasaidia ripoti, anajulikana mpaka na mlinzi wa getini, nafasi ikitokea bosi anasema yule dogo aliyekuja mwaka jana yuko wapi. Wewe miaka minne yote hiyo uko Ankara au Pune, huna hata namba ya mtu mmoja wa HR. Usishangae mwenye GPA ya kawaida akakupita, yeye anafahamika. Dawa yake ni kupanga angalau likizo moja ndefu urudi upige fildi hapa, andika barua ya kuomba miezi kadhaa kabla, chuo chako kikupe barua ya utambulisho kwa Kiingereza, na usichague ofisi kubwa tu, halmashauri na kampuni ndogo wanakupa kazi za maana zaidi. Nauli ikishindikana basi andika tasnifu yako kuhusu kitu cha nyumbani, mfano taka za Kariakoo au bei za mahindi Kibaigwa, kwa sababu kukusanya data kutakulazimu uongee na watu wa huku, na hao ndo konekshen zako za mwanzo.

Kwenye sivii kuna mtego mmoja mdogo unaoua watu kimyakimya. Vyuo vyetu GPA ni ya 5, Uturuki na Marekani ni ya 4. Ukiandika GPA 3.4 ukanyamaza, afisa rasilimali watu aliyesoma hapa anaona sekondi klasi ya chini, wakati kwa huko uko vizuri kabisa. Andika 3.4 kati ya 4. Wa Uingereza nao 2:1 wengi hawaielewi, ifafanue, daraja la pili la juu. Chuo chako pia kama hakijulikani huku ongeza mji na lugha uliyofundishiwa, maana mtu akiona jina la Kichina refu anaanza kujiuliza kama ulisoma kwa Kiingereza au la.

Lugha yenyewe ndo mtaji ambao wa hapa hana, na ajabu wengi wanauacha, miaka mitano China wanaongea Kiswahili na wabongo wenzao hosteli. Reli ya SGR kipande cha Dar mpaka Makutupora wamejenga Waturuki wa Yapı Merkezi, vipande vingine vimeenda kwa Wachina, kwenye miradi kama hiyo mhandisi anayeweza kukaa kwenye kikao na bosi bila mkalimani si wa kawaida. Chukua cheti cha lugha, HSK cha Kichina au TÖMER cha Kituruki, kiweke juu kwenye sivii sio chini kwenye hobi.

Kama plani ni kubaki hukohuko kwanza, angalia sheria ya viza sio ahadi za ajenti. Uingereza ukimaliza digrii au masta unapewa miaka miwili ya kukaa na kufanya kazi, ila watakaoomba kuanzia Januari 2027 ni miezi 18. Ujerumani ni miezi 18 ya kutafuta kazi. Muda huo unaisha haraka, kwa hiyo anza kuomba kazi ukiwa bado darasani.

Ukirudi, serikalini usitegemee upendeleo, usaili wa mchujo mnafanya karatasi ileile wewe na wa Dodoma. Kampuni binafsi wana hofu mbili tu, kwamba utawakimbia urudi majuu na kwamba utataka hela nyingi. Ya kwanza ijibu kwa kitu kinachoonekana, ile fildi, ile tasnifu. Ya pili, ulizia kwanza kwa walioko kwenye sekta hiyo wanalipwaje, na ukiulizwa taja kwa shilingi, useme kabisa kama ni kabla ya makato au ya kuingia mkononi.