Kurekodi, kuhariri na kumiksi sauti ukiwa chumbani kwako Dar es Salaam

Kabla hujanunua kifaa chochote, ingia katika chumba unachokusudia kurekodia, funga mlango, nyamaza kwa dakika tano, kisha andika kila sauti unayoisikia. Kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam orodha itakuwa ndefu: feni, friji, bodaboda zinazopita chini ya dirisha, jenereta ya jirani umeme unapokatika, mchuuzi anayetangaza bidhaa kwa kipaza sauti, na mvua ya masika inayopiga bati kiasi cha kuwanyamazisha waliomo ndani. Sikio limezoea kuzipuuza sauti hizo, lakini maiki haipuuzi kitu. Zilizo ndani ya uwezo wako zizime, na zisizo ndani ya uwezo wako zitafutie saa ya kuzikwepa. Mimi hurekodi kati ya saa nne na saa tisa usiku, kwa kuwa kabla ya hapo mtaa haujalala na baada ya hapo majogoo wameshaamka.

Feni haina mjadala. Izime hata kama ni Januari, na urekodi vipande vya dakika kumi kumi, ukifungua mlango katikati ili upunge upepo. Friji ina hila zaidi, kwa sababu mota yake huwaka na kuzimika yenyewe. Niliwahi kurekodi masimulizi ya bibi mmoja huko Magomeni, na nilipokaa kuhariri nikakuta nusu ya sentensi ina mvumo na nusu nyingine haina, hata ikawa haiwezekani kuunga maneno mawili bila mshono kusikika. Niliporudi mara ya pili niliichomoa friji, nikasahau kuichomeka tena, na samaki wa mwenyeji wangu wakaharibika. Tangu siku hiyo nikichomoa friji ya mtu huweka funguo zangu za nyumba ndani yake, kwani siwezi kuondoka bila kuzifuata.

Jambo la pili ni mwangwi. Piga kofi moja katikati ya chumba na usikilize kinachobaki baada ya kofi lenyewe: kuta za saruji na sakafu ya vigae zitakurudishia mlio mfupi wa kukereketa, na mlio huo ukishaingia kwenye rekodi hautoki kwa urahisi. Simamisha godoro nyuma ya msomaji au mwimbaji, tundika blanketi zito au vitenge vilivyokunjwa mara kadhaa upande wa pili, tandika mkeka na zulia chini, kisha piga kofi tena. Trei za mayai, ambazo wengi bado huzigandisha ukutani wakiamini kwamba ndiyo studio, hazizuii kelele za nje hata kidogo, na mwangwi zinaoumeza ni mdogo sana. Kabati lililojaa nguo, ukilifungua milango na kusimama mbele yake, lina kazi kubwa kuliko hizo.

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Unahitaji kompyuta, hedifoni zinazofunika sikio lote, na maiki, iwe ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye USB au ile inayopita kwenye saundi kadi, yaani kijisanduku kinachoipeleka sauti ya maiki kwenye kompyuta. Maiki ya kondensa inayopita kwenye saundi kadi huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi hiyo, na hunasa hata pumzi ya mtu aliye mlangoni. Maiki ya dainamiki haihitaji umeme huo, na kwa kuwa hunasa kidogo cha mbali, huvumilia zaidi kelele za uswahilini. Kwa chumba cha kawaida cha hapa ningeanza na dainamiki. Ukienda Kariakoo, beba kompyuta na hedifoni zako, omba kurekodi dakika moja palepale dukani, na usikilize kabla ya kulipa. Kwa programu, Audacity hutolewa bure na ipo tangu mwaka 2000, na inatosha kabisa kwa masimulizi na mahojiano. Anayetaka kurekodi muziki wa treki nyingi, yaani kila sauti au ala kwenye mstari wake, anaweza kuijaribu Reaper kwa siku 60 kabla ya kununua leseni. Chagua moja na uizoee, badala ya kuhama kila wiki.

Fungua kazi mpya na uchague sampuli, yaani vipimo vya wimbi la sauti, 48,000 kwa sekunde kama sauti itaambatana na video, au 44,100, ambacho ni kiwango cha CD. Rekodi kwa biti 24. Biti hii si ile ya mdundo. Ni kipimo cha undani wa kila sampuli, na biti 24 hukupa nafasi ya kurekodi kwa kiwango cha chini kidogo bila kunasa mchakacho wa kifaa chenyewe. Mkondo mmoja wa sampuli 48,000 kwa biti 24 hula takribani megabaiti 8.6 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya megabaiti 500 kwa saa, hivyo hakikisha diski ina nafasi.

Katika sauti ya dijitali, ambayo ukubwa wake hupimwa kwa desibeli, desibeli sifuri ndiyo dari. Wimbi likigonga dari hukatwa kichwa, sauti ikapasuka, na kilichokatwa hakipo tena popote. Mwombe msomaji atamke sehemu yenye makelele zaidi ya kazi yake, kisha rekebisha geini, yaani kiwango cha sauti inayoingia kutoka kwenye maiki, mpaka vilele vicheze kati ya desibeli 18 na 12 chini ya sifuri. Mtu akisisimka hupaza sauti kuliko alivyofanya wakati wa majaribio, na nafasi uliyoacha ndiyo itakayomwokoa. Umbali kati ya mdomo na maiki uwe shubiri moja, na maiki ikae pembeni kidogo ya mkondo wa pumzi ili herufi «p» na «b» zisilipuke. Akiusogeza mdomo mara mbili ya umbali huo, sauti yake hushuka kwa karibu desibeli 6 huku kelele za chumba zikibaki palepale. Mwisho, kabla hajaanza, rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba.

Ukimya huo utauhitaji wakati wa kuhariri. Ukifuta kikohozi na kuacha tundu tupu, msikilizaji husikia chumba kikitoweka na kurudi; ziba tundu hilo kwa kipande cha ukimya uliourekodi. Pumzi usizifute zote, kwa maana mtu asiyepumua hutisha. Zishushe kwa desibeli 6 hadi 10. Kata mahali wimbi linapovuka mstari wa kati, na pale vipande viwili vinapokutana vipishanishe kwa milisekunde 5 hadi 10, kimoja kikififia huku kingine kikiingia, la sivyo utasikia kidoko.

Kiswahili kina mitego yake hapa, na miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine haiitaji. Silabi «m» na «n» zinazoanza maneno kama «mtoto», «mtu» na «nchi» hutamkwa kwa sauti ya chini sana, na kwenye skrini huonekana kama kijilima kidogo kabla ya mlima. Anayekata kwa macho hukata pale mlima unapoanza, na «mtu» hugeuka «tu». Programu ya kuzima kelele kati ya maneno hufanya kosa hilohilo ukiiwekea kiwango cha juu. Vilevile maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na irabu hiyo mwishoni mwa sentensi hufifia polepole. Ukiwahi kukata, «nyumba» huachwa bila mlango. Kuza picha ya wimbi, weka hedifoni, na usikilize kila mkato mara mbili.

Kumiksi, yaani kuchanganya treki zote ziwe kazi moja, huanza na kupanga viwango, na sehemu kubwa ya kazi huishia hapo. Shusha treki zote, pandisha ile iliyo muhimu kuliko zote, ambayo kwa kawaida ni sauti ya mtu, kisha leta nyingine moja moja mpaka zianze kuisumbua, na urudi nyuma kidogo. Kwa ikwalaiza, chombo cha kupandisha au kushusha sauti nzito na nyembamba, ondoa kilicho chini ya hezi 80 kwenye sauti ya mtu (hezi zikiwa chache, sauti ni nzito), kwa kuwa huko hukaa mtikisiko wa meza na magari. Ikisikika nzito kama ya mtu aliye ndani ya pipa, punguza kidogo kati ya hezi 200 na 400. Kompresa, isiyo na undugu na ile ya friji, hushusha sehemu zilizo juu ili zikaribiane na zilizo chini: anza na uwiano wa 3 kwa 1, yaani kila desibeli 3 zinazozidi mpaka uliouweka zibaki 1, na usiiruhusu ishushe zaidi ya desibeli 6. Mwangwi wa kuongeza uendane na kasi ya wimbo. Katika singeli yenye midundo 200 kwa dakika kila mdundo huchukua sekunde 0.3, kwa hiyo mwangwi wa sekunde 2 utafunika zaidi ya midundo sita na maneno yatazama humo.

Sikiliza kazi kwa hedifoni, kisha kwa spika moja ya simu, kisha ndani ya bajaji au daladala ikiwa utapata dereva mwenye subira, kwa kuwa huko ndiko wasikilizaji wengi watakakoisikia. Neno lisiposikika kwenye simu, rudi kwenye viwango kabla ya kugusa kitu kingine. Acha kilele cha mwisho desibeli 1 chini ya sifuri, toa faili la WAV la kuhifadhi na la MP3 la kutuma kwa watu, na unakili folda nzima, pamoja na rekodi ghafi, kwenye diski ya nje kabla hujazima kompyuta.